Daftari Nililowaandikia Polisi

Daftari lenyewe bado ninalo. Ni la kurasa 96, jalada la bluu, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika USHAHIDI kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Kisha zinafuata saa. Saa 8:10 usiku, dakika nne, kifuani. Saa 9:40 usiku, dakika tatu, kifuani na usoni. Saa 11:05 alfajiri, mgongo wote. Kurasa 19 ni za namna hiyo tu. Niliamini kwamba mpangaji wa ghorofa ya juu ana mashine, na kwamba kila usiku ananichoma kwa joto lake kupitia dari. Nilikuwa nakusanya ushahidi niupeleke polisi.

Nilikuwa na miaka 48. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita bila usingizi wa maana, na hedhi yangu ilikuwa inakuja inavyotaka. Hakuna aliyekuwa ameyaweka mambo hayo pamoja, wala mimi mwenyewe. Naandika kwa sababu naamini wako wanawake wanaokaribia kukoma hedhi walio mahali nilipokuwa mimi miaka mitatu iliyopita, na wako waume, dada na mabinti wanaowatazama bila kujua wanatazama nini.

Inabidi nirudi nyuma kidogo. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilikuwa na miaka 26. Usiku wa nne nilianza kuamini kwamba mtoto niliyekabidhiwa si wangu, kwamba amebadilishwa, na nilikataa kumnyonyesha. Ile ilikuwa saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani akili kupoteza mshiko wa kilicho halisi, ugonjwa unaompata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000. Nilitibiwa, nikapona, na baada ya mwaka mmoja daktari aliniachisha dawa polepole. Onyo nililopewa lilihusu mimba nyingine. Sikupata mimba nyingine, kwa hiyo habari ile niliifunga nikaizika. Kila fomu ya hospitali iliyouliza kama nimewahi kuugua maradhi ya akili niliijibu hapana. Niliona haya. Miaka ishirini na kitu niliandika hapana, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mwanamke ambaye akili yake iliyumba baada ya kujifungua anapaswa kuangaliwa kwa karibu anapokaribia kukoma hedhi, lakini nani angeniangalia wakati nilikuwa nimewaficha wote?

Mabadiliko yalianza nikiwa na miaka 46. Hedhi ilikosekana miezi miwili, ikaja siku kumi mfululizo, ikakosekana tena. Joto nalo likaanza. Kama hujawahi kulipata, ni vigumu kueleza: linaanzia kifuani kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri, linapanda shingoni hadi masikioni, moyo unakwenda mbio, halafu jasho linakumwagika, na mara unatetemeka kwa baridi. Mchana nilivumilia. Usiku liliniamsha mara nne, mara tano, na nikishaamka sikulala tena.

Nilikwenda kwa daktari wa wanawake. Akaniambia ni umri, nivae nguo nyepesi. Nikaenda kwa daktari mwingine, akanipa vidonge vya usingizi. Wa tatu alinipima homoni kwenye damu, majibu yakaja "kawaida", na nikaambiwa shida yangu si homoni. Kipimo kile kilinipotezea miezi mingi. Baadaye nilielezwa kwamba kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 homoni hupanda na kushuka kutoka siku moja hadi nyingine, kiasi kwamba kipimo kimoja hakisemi kitu cha kutegemea. Umri, mwenendo wa hedhi na dalili ndivyo vinavyosema. Ukipewa jibu la "kawaida" huku hedhi imevurugika na mwili unawaka, usirudi nyumbani ukaridhika kama nilivyoridhika mimi.

Hakuna kati ya hao watatu aliyeniuliza: na mawazo yako yakoje? Nami sikusema. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuhisi kwamba wenzangu kazini wananyamaza ninapoingia. Nilisikia jina langu likitajwa kwenye korido, na nikitoka sikukuta mtu. Nilisoma tangazo la kawaida kabisa kwenye ubao, nikaona limeandikwa kwa ajili yangu. Mwanzoni nilikuwa na nusu ya akili inayosema "acha upuuzi, umechoka tu." Ile nusu ndiyo ya kuishika. Wakati bado inazungumza, mtu anaweza kumwambia daktari, "Nahisi hivi, na sina uhakika kama ni kweli." Mimi nilingoja mpaka ikanyamaza.

Iliponyamaza, joto lilipata maelezo yake. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu kwa nje lilionekana ni wazimu mtupu. Mimi sikubuni joto. Nilikuwa nachomwa kweli kila usiku, na akili yangu, iliyokuwa imekosa usingizi na imejaa hofu, ilitafuta nani ananichoma. Dari ilikuwa juu yangu, juu ya dari kulikuwa na mtu, na mimi nikamalizia hesabu.

Nilisogeza kitanda. Nilinunua foili ya kufungia chakula nikaibandika darini kwa gundi ya karatasi, mistari miwili, nikisimama juu ya kiti saa tisa usiku. Mume wangu aliwasha taa akanikuta hivyo. Sitasahau uso wake. Akaanza kunieleza, kwa upole kabisa, kwa nini haiwezekani: mashine ya aina hiyo haipo, foili haizuii kitu, mpangaji wa juu ni mzee wa miaka zaidi ya sabini. Kila hoja nilikuwa na jibu lake. Siku ya tatu ya mabishano alipanda juu akamleta yule mzee mlangoni kwetu, ajieleze mwenyewe. Alisimama pale na ndala zake, ananiomba radhi bila kujua amekosa nini. Nilipoona anaomba radhi, nilijua amekiri. Na nilipoona mume wangu amemshika mkono, nilijua wameshirikiana. Kuanzia usiku huo nilijifungia chumba kingine, na maji sikuyanywa mpaka niyachote mwenyewe.

Simlaumu mume wangu. Hakuna aliyemfundisha. Ila kwa anayeuguza mtu wa namna hii, naomba: usibishane na imani yake, na usijifanye unaiamini. Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa. Alikuja, akakaa sakafuni kando ya mlango wangu, akasema, "Mdogo wangu, mimi mashine siioni. Lakini naona hulali, na naona unaogopa sana. Hayo mawili twende yakatazamwe." Nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe: nilitaka daktari aone alama za kuungua, aziandike kwenye daftari. Nililichukua kwapani tukaondoka.

Nililazwa siku 24. Kabla ya kuupa ugonjwa jina lolote, walipima kwanza mwili: tezi ya shingo, sukari, vitamini B12, maambukizi, virusi vya UKIMWI, kaswende, mkojo, na picha ya ubongo. Waliniuliza dawa zote ninazotumia, hadi za mafua. Wakati ule niliona wananichelewesha. Sasa nawashukuru. Mtu anapopata saikosisi akiwa amevuka miaka 40, baada ya miaka mingi ya afya, mwili lazima uchunguzwe kikamilifu, kwa sababu tezi iliyovurugika au maambukizi ya ubongo yanaweza kuja na sura hiyohiyo. Kama ndugu yako anapelekwa moja kwa moja kwenye sindano ya kumtuliza bila kutolewa damu, uliza.

Siku ya tano daktari wa magonjwa ya akili aliomba kuliona daftari. Nilimpa kwa shingo upande. Alilisoma lote, kurasa zote 19, kalamu mkononi, huku mimi namtazama. Kisha akauliza, "Joto likiisha, unatoka jasho?" Nikasema ndiyo. "Halafu baridi?" Ndiyo. "Hedhi yako ya mwisho lini?" Nikamwambia. Akaligeuza daftari upande wangu, akaweka kalamu kwenye saa 8:10. "Joto ulilolihisi ni la kweli. Sina shaka nalo hata kidogo. Nadhani mwili wako ndio uliolitoa."

Nililia sana. Kila mtu mwingine alikuwa akinipokonya joto langu ili anipokonye na mashine. Huyu aliniachia joto.

Sikupona siku hiyo. Imani kama ile haing'oki kwa sentensi moja. Ilififia kwa wiki kadhaa, dawa zilipoanza kufanya kazi na nilipolala. Lakini tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza, na alinieleza mambo ambayo ningependa ningeyajua nikiwa na miaka 45.

Estrojeni, homoni inayoendesha hedhi, inafanya kazi ubongoni pia. Inagusa mifumo ya dopamini na serotonini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, na watafiti wengi wanaamini kwamba inawapa wanawake kinga fulani dhidi ya saikosisi. Huko Mannheim, Ujerumani, Heinz Häfner na wenzake waliwafuatilia watu waliougua skizofrenia, ugonjwa wa saikosisi wa muda mrefu, kwa mara ya kwanza, wakaona kwamba wanawake huanza kuugua miaka michache baada ya wanaume, na kwamba kwa wanawake kuna wimbi la pili, dogo kuliko la kwanza, karibu na umri wa kukoma hedhi. Wanaume hawana wimbi hilo. Baada ya kujifungua estrojeni huanguka ghafla. Hedhi inapokaribia kukoma, estrojeni huyumba kwa miaka kabla ya kushuka. Mwili wangu ulikuwa umeshaonyesha mara moja, nikiwa na miaka 26, kwamba hauvumilii mabadiliko hayo.

Nisimtishe mtu. Wanawake walio wengi sana wanakoma hedhi bila kugusa hata ukingo wa haya niliyoyaona. Na ushahidi wenyewe haujanyooka. Mwaka 2024 utafiti wa Uingereza uliotazama taarifa za wanawake zaidi ya 128,000 ulikuta kwamba katika kipindi kinachozunguka kukoma hedhi, wanaopata mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi, kwa mara ya kwanza ni zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na miaka ya kabla yake, na wanaopata sonona nzito wanaongezeka kwa asilimia 30. Lakini kwa magonjwa ya kundi la skizofrenia hawakuona ongezeko. Daktari wangu alinieleza hilo waziwazi. Alisema kukosa usingizi, upweke, misiba ya umri huu na historia ya ugonjwa vyote vinabeba mzigo, na kwamba homoni ni mkono mmoja kati ya mikono mingi iliyonisukuma.

Wodini nilikutana na mwanamke wa miaka 43 aliyekuwa anatumia dawa za saikosisi kwa muda mrefu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili, naye alishajihesabu amemaliza uzazi. Alipopimwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ikakutwa iko juu sana. Dawa yake ndiyo iliyokuwa imeifunga hedhi. Baadhi ya dawa hizi hufanya hivyo, risperidoni ikiwemo, na mtu anaweza kukaa miaka akidhani ni umri huku mifupa yake inakosa estrojeni bila yeye kujua. Kama uko kwenye dawa hizo na hedhi imepotea mapema, omba kipimo hicho.

Nilitoka hospitali na olanzapini, dawa ya saikosisi. Nikaanza kuhesabu niliyoyavunja. Kazini nilikuwa nimeandika barua ya kurasa nne kwa uongozi, nikiwataja wenzangu wawili kwa majina kwamba wananitilia kitu kwenye maji. Mmoja alinisamehe, mwingine hasemi nami hadi leo, na sina la kumdai. Akiba tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya masomo ya kijana wetu ilikwenda kwenye matibabu na miezi niliyokaa bila mshahara kamili. Binti yangu, yule wa usiku wa nne, alikuwa ameacha kunipigia simu kwa sababu kila aliponipigia nilimwuliza nani aliyemtuma.

Halafu nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilikuwa nimenenepa, asubuhi nilikuwa mzito kama gogo, na nilijiona mzima. Mwezi wa tano niliacha dawa bila kumwambia mtu. Wiki sita zilipita vizuri, nikajipongeza. Wiki ya saba nilisimama chini ya dari nikisikiliza.

Safari hii dada yangu alikuja siku ya pili tu, maana tulikuwa tumekubaliana dalili zangu tatu na tumeziandika: nikianza kufunika simu, nikikataa kula kilichopikwa na mwingine, nikikesha usiku mbili mfululizo. Sikulazwa. Dawa ilirudishwa kwa kiwango cha chini kwanza, na daktari alifanya jambo ambalo lingefanyika mapema lingeniokolea mengi: alimwandikia barua daktari wa wanawake, wakakutana nami wote wawili chumba kimoja. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja hakunipokea nusu na kunipeleka nusu nyingine kwingine.

Waliniuliza kuhusu saratani ya matiti katika ukoo, kuganda kwa damu, ini, na kama nimetokwa na damu isiyoeleweka. Hayo yote yanaweza kumzuia mtu kutumia homoni. Mimi sikuwa nayo, nikaanzishiwa plasta ya estradioli, aina ya estrojeni, ya kubandika kwenye ngozi, pamoja na projesteroni, homoni inayoulinda mfuko wa uzazi, kwa sababu bado ninao. Estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko huo. Dawa ya akili iliendelea palepale. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeshaulizwa na wanawake watatu kama wanaweza kuacha vidonge wakabandika plasta. Hapana. Huko Melbourne, Jayashri Kulkarni na wenzake walijaribu plasta za estradioli kwa wanawake wenye skizofrenia, na dalili zilipungua zaidi kuliko kwa waliopewa plasta tupu, lakini zilikuwa nyongeza juu ya dawa zao. Na utafiti wa Finland uliochapishwa 2024, uliowahusu wanawake 3,488 wa miaka 40 hadi 62 wenye skizofrenia na magonjwa ya jirani yake, ulikuta kwamba katika vipindi walipotumia homoni za ukomo wa hedhi, hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa chini kwa asilimia 16. Ni msaada. Si mbadala.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wanaotumia dawa hizi siku nyingi hawaambiwi. Estrojeni hupunguza kasi ya kimeng'enya cha ini kinachovunja olanzapini na klozapini, dawa nyingine ya saikosisi. Inaposhuka, ini huzivunja upesi zaidi, na kiwango kilichokutosha miaka kumi na tano kinaweza kuwa pungufu ukifika 50 ilhali hujaruka hata kidonge kimoja. Ndugu watakuambia umeacha dawa. Daktari anaweza kudhani hivyo pia. Omba dawa ipimwe kwenye damu kabla hujakubali lawama. Sigara nayo huharakisha uvunjaji huohuo, kwa hiyo ukianza au ukiacha kuvuta, mwambie daktari.

Siwezi kusema plasta ndiyo iliyonisimamisha. Ilianza pamoja na kurudi kwa dawa, pamoja na usingizi, pamoja na dada yangu kuhamia kwetu miezi miwili. Ninachojua ni kwamba joto lilipungua kutoka mara tano kwa usiku hadi mara moja, na nilipolala, hofu ilikosa pa kuota.

Daftari niliendelea nalo, kuanzia ukurasa wa 20. Nimechora safu: tarehe, hedhi kama imekuja, saa nilizolala, joto, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, ya mawazo niliyoyashuku. Ndiyo niliyoiona ngumu kuijaza, na ndiyo daktari anayoisoma kwanza. Kama una historia kama yangu, anza kuchora safu hizo kabla hujahitaji, na mwonyeshe daktari wa wanawake na daktari wa akili ukurasa uleule. Historia yako ya uzazi iseme yote. Na sauti zikikuamuru ujidhuru au umdhuru mwingine, au ukakesha siku mbili huku una nguvu za ajabu, au ukaacha kula na kunywa kwa hofu, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ambaye hawezi kujipeleka apelekwe.

Binti yangu ana miaka 25 sasa na anatarajia mtoto. Nilimwita nikamsomea kurasa zile 19, halafu nikamweleza usiku wa nne, ambao hakuwahi kuusikia. Saikosisi ya baada ya kujifungua hutembea katika familia. Alinisikiliza akiwa ameshika tumbo. Kesho yake alimwambia mkunga wake, na mkunga akaandika kwenye kadi, akampangia aonane na daktari wa akili kabla ya kujifungua. Jibu lilikuwa ndiyo, kwa wino, kwenye fomu ileile niliyoiandikia hapana miaka yote.

Nina miaka 51. Hedhi haijaja kwa miezi 14. Juma lililopita joto liliniamsha saa 8 na robo usiku. Bado ninalolifanya kwanza ni kutazama dari. Nilitazama, nikafungua dirisha, nikaandika saa, nikalala.